Harrier na Kluger ni ndugu wa tumbo moja: kwa nini mmoja ana bei na mwingine anabembeleza wateja?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Katika mijadala ya magari huku kwetu, mtu akiuliza kwa nini gari fulani linauzika kwa bei kubwa, majibu huwa ni yale yale: injini yake ni ngumu, mafuta halili sana, spea zinapatikana. Ni nadra kumsikia mtu akikiri hadharani kwamba ameongeza milioni kadhaa kwa ajili ya umbo la taa za nyuma. Mimi naamini kwamba hivyo ndivyo tunavyofanya wengi wetu, na ushahidi wangu uko kwenye yadi za Kinondoni na Tegeta, ambako yeyote anaweza kwenda kuukagua mwenyewe.

Chukueni Toyota Harrier ya kizazi cha pili, ile iliyozinduliwa Japani Februari 2003, ambayo mtaani tumeipa jina la tako la nyani (wanaojali heshima ya lugha watuwie radhi), muiweke kando ya Toyota Kluger iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2000. Zote mbili zimejengwa juu ya msingi uliotokana na Camry, gari la saluni la Toyota. Zote mbili ziliuzwa zikiwa na injini ya 2AZ ya silinda nne yenye cc 2362, na zote mbili zilikuwa na toleo la V6 la lita tatu. Ukichukua zile za silinda nne, gia boksi zake ni otomatiki za hatua nne. Fundi anayeijua moja hapati taabu na nyingine, na duka la Gerezani linalouza koili au pampu ya maji ya injini ya Harrier linakuwa limekwisha kumhudumia mwenye Kluger. Hata mbele ya TRA (Mamlaka ya Mapato) zinasimama foleni moja, kwa sababu cc 2362 inaangukia kundi la zaidi ya cc 2000, ambalo kwa viwango tulivyovizoea kwa miaka mingi hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, wakati gari la zaidi ya cc 1000 hadi 2000 hutozwa asilimia 5.

Tukienda kwenye matumizi, Kluger ndiyo inayotoa zaidi. Ina buti pana, dari iliyonyooka hadi nyuma, na lipo toleo lake lenye safu tatu za siti, jambo ambalo Harrier haijawahi kuwa nalo katika kizazi chochote. Kwa hesabu za mtu mwenye familia, basi, Kluger ilipaswa kuwa ghali zaidi, au kwa uchache bei zao zikaribiane. Ulizeni sasa. Mtakuta Harrier ya mwaka ule ule, yenye kilometa zile zile na rangi ile ile, inatajwa kwa bei ya juu bila muuzaji kuona aibu, na Kluger iliyo pembeni yake imewekewa bango la "bei inazungumzika".

Tofauti hiyo ya bei, kwa maoni yangu, ni thamani ya bati na vioo, yaani ubunifu wa umbo peke yake, na ninaomba anayeona kuna sababu nyingine aitaje.

Ili tusibishane juu ya ladha tu, nieleze ninachokiona. Kluger ni sanduku. Paa lake linakwenda sawa, nguzo ya nyuma ni nene, mlango wa nyuma umesimama wima, na uso wake hauna kosa wala sifa. Harrier ya 2003 ina paa linaloshuka taratibu kuelekea nyuma, kioo cha nyuma kimelala kama cha gari dogo la milango mitano, na dirisha la mwisho la pembeni linabanwa hadi kuwa ncha, kwa hiyo gari zima linaonekana kuegemea mbele hata likiwa limeegeshwa. Taa za nyuma zina vioo vyeupe vinavyoonyesha vikombe vyekundu ndani, mtindo ambao miaka ile ulikuwa umetawala. Ubunifu wa namna hiyo hula nafasi ya mizigo, na kila anayebeba gunia la mchele kwenye Harrier anajua jinsi kile kioo kilicholala kinavyomnyima sentimita alizozihitaji. Mnunuzi ameamua kulipa zaidi ili apate nafasi ndogo zaidi, na wala hajutii.

Asili ya wazo lenyewe nayo inafaa kukumbukwa. Februari 1997 Toyota, kupitia Lexus, nembo yake ya magari ya kifahari, ilionyesha Chicago gari la majaribio lililoitwa SLV, na Desemba mwaka huo huo Harrier ya kwanza ikaingia sokoni Japani, ikifuatiwa mwaka 1998 na pacha wake wa Marekani, Lexus RX 300. Wakati ule gari refu la kifahari lilimaanisha Land Cruiser, Prado au Pajero, magari yenye chesesi kama ya lori, yanayoyumba kwenye kona. Harrier ilichukua starehe ya gari la saluni ikaiinua juu. Kiufundi halikuwa jambo gumu, kwa sababu Camry ilikuwepo tayari. Kazi kubwa ilikuwa ya wachoraji, waliotakiwa kuifanya Camry iliyoinuliwa isionekane kama Camry iliyoinuliwa.

Ndani ya kizazi hicho cha pili ndiko ninakoipenda zaidi. Gia haikuwekwa sakafuni kati ya siti bali imeota kwenye dashibodi yenyewe, chini kidogo ya redio, na hivyo kati ya dereva na abiria panabaki na uwazi. Mita zake ni zile za Optitron, ambazo zinabaki nyeusi kama kioo cha televisheni iliyozimwa mpaka uwashe swichi. Usukani wa baadhi ya matoleo una kipande cha mbao juu, na mbao hiyo, ikishikwa na mikono ya watu kwa miaka kumi na tano au zaidi, huanza kupauka upande wa kushoto kabla ya kulia, kwa sababu dereva wetu anaendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa dirishani.

Kizazi cha tatu, kilichokuja mwishoni mwa 2013 na kubatizwa Anaconda, kilibadilisha mambo. Kuanzia hapo Harrier haikuwa tena Lexus kwa jina jingine. Lexus RX ilikwishashika njia yake mwaka 2009, na Harrier mpya ikajengwa kwa asili ya RAV4, ikiwa na injini ya cc 1986 au haibridi ya lita 2.5. Kwa vijana wanaobandika nembo ya Lexus kwenye Anaconda, naomba wafahamu kwamba kwenye tako la nyani nembo hiyo ilikuwa na hoja, kwenye Anaconda haina. Hata hivyo, Anaconda imeendelea kupendwa, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu: msingi umebadilika, injini imepungua, gia imekuwa CVT (otomatiki isiyo na hatua), lakini paa linaloshuka na mkia uliobanwa vimebaki, na wateja wamebaki navyo.

Nawasilisha.

Mdau wa Yadi

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye hoja. Mimi nauza magari, kwa hiyo nitasema ninachokiona bila kuficha, ingawa kinanihusu.

Mteja anayekuja kutafuta gari la kutembelea hulizunguka kwanza. Anasimama mbele akiangalia shoo (wavu wa mbele), bampa na taa, kisha anakwenda nyuma, kisha anaangalia rimu. Ndani anaingia mwisho, na mara nyingi akishaingia amekwishaamua. Anachotafuta humo ni sababu ya kupunguziwa bei. Ndiyo maana taa zilizofifia na kuwa za njano husuguliwa zing'ae kabla gari halijapangwa mstari wa mbele, wakati siti iliyotoboka kwa sigara hufunikwa tu. Nyeupe ya lulu na nyeusi huondoka mapema kuliko rangi nyingine. Kuna rangi za udongo na za dhahabu hafifu ambazo Wajapani walizipenda sana na ambazo hapa zitakaa uani hadi mvua za masika zizikute.

Lakini nina pingamizi moja juu ya ushahidi wako. Kluger iliacha kuuzwa Japani mwaka 2007, ilipokuja Vanguard, ilhali Harrier ya kizazi cha pili iliendelea kuuzwa kwa miaka kadhaa baadaye. Mtu anayetaka gari la mwaka 2010 anaweza kupata Harrier, Kluger hawezi. Hivyo sehemu ya tofauti ya bei unayoiona ni ya umri wa gari, si ya sura.

Mwanzisha uzi

Pingamizi lako ni la haki, mkuu, na kwa gari la 2010 nakubaliana nalo. Ndiyo maana niliandika "ya mwaka ule ule". Ukichukua zote mbili za mwaka 2005, umri unatoka kwenye hesabu, na pengo bado lipo. Tena tofauti ya umri haielezi kwa nini Vanguard, iliyorithi nafasi ya Kluger na ni gari changa kuliko Harrier nyingi za mitaani, nayo haijawahi kuitingisha Harrier. Vanguard nayo ina injini ya 2AZ na ina safu ya tatu ya siti. Shida yake ni kwamba ukiiona kwa mbali unadhani ni RAV4 iliyonenepa.

Mdau wa Nakuru

Ndugu zangu wa Tanzania, mjadala huu unanivutia kwa sababu huku Kenya mambo yako tofauti, na sababu ya tofauti hiyo haitokani na ladha yetu bali na sheria. Sisi haturuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka minane. Ninyi mnaruhusiwa, mradi mlipe ile nyongeza ya uchakavu, ambayo kwa gari lililozidi miaka kumi nasikia ni asilimia 30. Matokeo yake ni kwamba Harrier ya 2003 ikiwa bandarini Dar es Salaam bado ni bidhaa, lakini Mombasa haiwezi kushuka kutoka melini. Hata Anaconda ya mwisho, iliyotoka kiwandani 2020, mlango wake wa kuingia huku utafungwa baada ya mwaka 2027.

Kwa hiyo sisi tunalazimika kupenda sura mpya. Mazda CX-5, yenye ule ubunifu wa Kodo ulioanza 2012, imejaa Nairobi, na ile rangi yao nyekundu yenye kina ndiyo inayoitambulisha kabla hujaiona nembo. Tatizo la kulazimishwa kupenda sura mpya ni kwamba ikija nyingine baada ya miaka michache, ile uliyonunua inazeeka ghafla machoni pa majirani, na bei yake inazeeka nayo. Harrier ya pili haikupata tatizo hilo kwenu kwa sababu hamkuacha kuiingiza. Kila mwezi zilishuka nyingine "mpya", na gari ambalo bado linashuka melini watu hawalioni kuwa la kizamani. Naomba ulifikirie hilo, maana unaupa ubunifu sifa ambayo pengine ni ya sera ya forodha.

Tena, kama sura ndiyo inayouza, nieleze Probox. Ilikuja 2002 ikiwa gari la makampuni na wasambazaji wa bidhaa Japani. Uso wake haujawahi kumfurahisha mtu. Ndani yake ni plastiki ngumu ya kijivu, lakini katikati ya dashibodi kuna kimeza cha kuvuta ambacho karani wa Tokyo aliwekea chakula chake cha mchana na shajara yake, na toleo lililoboreshwa mwaka 2014 lilipewa kishikio kinachoingia pakiti ya maziwa ya lita moja. Huku kwetu Probox inabeba miraa, abiria, mikate na mbuzi, na bei yake haishuki. Mtu anayeiuza hana haja hata ya kuiosha.

Mwanzisha uzi

Hoja ya forodha naipokea, tena ni nzuri kuliko yangu katika sehemu moja: inaeleza kwa nini sura haikuzeeka. Lakini Kluger nayo ilishuka melini kila mwezi kwa miaka ile ile na kwa ushuru ule ule. Kama kuendelea kuingizwa peke yake kungetosha kulinda bei, Kluger ingelindwa pia.

Kuhusu Probox, nadhani tunazungumzia wanunuzi wawili tofauti. Anayenunua Probox ananunua chombo cha kazi, na kila kitu ndani yake kimechorwa kwa ajili ya kazi, hadi hicho kishikio cha maziwa. Huo nao ni ubunifu, na kwa kweli ni ubunifu mwaminifu kuliko wa magari mengi ya kifahari, ila hakuna anayesimama barabarani kuutazama.

Fundi wa Ndani

Mimi kazi yangu ni siti, dari na redio, na nasikitika kuona ndani ya gari kunazungumzwa kwa aya moja.

Wakuu, gari la Kijapani lilipangwa kwa Mjapani. Redio yake inapokea FM kuanzia 76 hadi 90, wakati masafa yetu yanakwenda hadi 108, kwa hiyo mnunuzi mpya anapata vituo viwili vitatu vya chini kisha mlio wa upepo, mpaka afungiwe kifaa cha kupanua masafa au abadilishiwe redio nzima. Ukiwasha gari, sauti ya dada mmoja mwenye adabu inakukumbusha kwa Kijapani kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara za haraka. Kwenye magari kuanzia takribani enzi za Anaconda, skrini inadai kadi ya SD yenye ramani ya Japani. Kadi hiyo ikiwa imechomolewa njiani na mtu aliyeona ni ya kuhifadhia muziki, skrini inagoma na kubaki ikionyesha maandishi ambayo hayamsaidii yeyote kati ya Tunduma na Namanga.

Sasa linganisheni mpangilio. Kwenye Harrier ya pili kiyoyozi kina vitufe vya kubonyeza. Unavigusa bila kuangalia, vumbi likiingia unapuliza, kimoja kikilegea kinafunguliwa na kutengenezwa. Kwenye Anaconda paneli ya kiyoyozi ni bapa, ya kugusa, inang'aa vizuri sana siku ya kwanza. Mwenye gari anayetoka kwenye barabara ya vumbi na vidole vyenye jasho anaigusa mara tatu ndipo ikubali, na kila mguso unaacha alama ya kidole inayoonekana jua likipiga. Dashibodi yake, kwa upande mwingine, nitaisifu: ina pedi laini yenye mshono wa uzi halisi, na mshono huo hauna kazi yoyote zaidi ya kumwambia abiria kwamba gari si la bei rahisi. Abiria huusikia. Nimeona watu wakiupitisha kidole bila kujijua wakati wanasubiri niwapigie hesabu.

Ushauri wangu kwa wanaoagiza wenyewe ni kuisoma yote karatasi ya mnada, ile ya Japani inayoeleza hali ya gari. Watu huishia kwenye daraja la jumla, nne au nne na nusu, kisha wanashangilia. Pembeni kuna herufi ya hali ya ndani, A, B, C na kuendelea, na gari linaweza kuwa na daraja zuri la nje huku ndani likiwa C kwa sababu mwenyewe alivuta sigara humo miaka kumi akiwa amefunga vioo. Harufu ile haitoki kwa manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Inakaa kwenye kitambaa cha dari, na kukishusha kitambaa cha dari cha Harrier bila kukikunja ni kazi ya siku nzima.

Mdau Msomaji

Tusijifungie Afrika Mashariki peke yake. Yapo magari mawili ambayo yalitukanwa kwa sura karibu wakati mmoja, na sokoni yakaishia njia tofauti. BMW ilipotoa Series 7 ya mwaka 2001, iliyosimamiwa na Chris Bangle, ile yenye kifuniko cha buti kilichokaa kama kimewekwa juu ya kingine, wapenzi wa BMW walifikia kuandika waraka wa kutaka afukuzwe. Gari hilo likauzika kuliko Series 7 zilizolitangulia. Pontiac Aztek, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2000, ilichekwa kwa kuwa na taa za tabaka mbili na mkia kama wa begi la safari. General Motors ilitarajia hadi magari 75,000 kwa mwaka, lakini hata mwaka wake bora, 2002, halikufika 30,000, na likaachwa mwaka 2005.

Kinachonishangaza ni kwamba ndani Aztek lilikuwa limefikiriwa vizuri. Kisanduku cha kati ya siti za mbele kilikuwa cha kuweka vinywaji vya baridi na unaweza kukichomoa ukaenda nacho, na liliweza kufungiwa hema nyuma ukalala. Waliolinunua wengi walilipenda. Walioshindikana ni wale ambao hawakuwahi kuufungua mlango. Hapo naungana na Mdau wa Yadi: ndani huamuliwa mwisho, hata kama ndiko dereva atakakoishi.

Ila BMW inanizuia kukubali moja kwa moja kwamba sura mbaya inaua mauzo. Mnunuzi wa Series 7 alikuwa ananunua cheo, na cheo hakikupungua kwa sababu ya kifuniko cha buti. Nauliza basi: je, bei ya Harrier hapa Dar ni ya umbo kweli, au ni ya cheo ambacho umbo limekibeba tu, kwa kuwa mabosi wa kwanza waliotuonyesha gari refu la kifahari lisilo la serikali walikuwa ndani ya Harrier?

Mama wa Kluger, Moshi

Kaka zangu, mimi ni mwenye Kluger ya safu tatu na sina malalamiko. Nilipoinunua nilipunguziwa hadi nikaona haya, na muuzaji mwenyewe aliniambia kwamba kama ingekuwa Harrier asingenipokea hata simu. Watoto wanakaa nyuma, mzigo wa ndizi unaingia, mlima wa Marangu unapanda. Safu ya tatu ni ya watoto tu, mtu mzima atakaa magoti yakiwa kidevuni, na ikifunguliwa buti linabaki la mkoba wa kanisani.

Ninachotaka kusema ni kwamba dharau yenu kwa sura ya gari langu imenifaidisha wakati wa kununua. Itaniumiza siku ya kuuza, hilo nalijua, kwa hiyo siuzi.

Fundi Miguu

Kwa ufupi. Anayenunua tako la nyani aangalie kama ni ile yenye shokapu za upepo, iliyoandikwa AIRS. Ikisimama usiku kucha na asubuhi ukaikuta imekaa chini kama imechoka, jiandae na gharama, au ubadilishiwe shokapu za kawaida. Kluger ya mwenzetu wa Moshi haina ugonjwa huo.

Mwanzisha uzi

Dada wa Moshi amenijibu kwa mfano kuliko wote, na nampa haki yake. Bei ya chini ya Kluger ni punguzo analopewa mtu asiyejali kutazamwa.

Mdau Msomaji ameuliza swali gumu. Nakubali kwamba cheo kimo, na kwamba Harrier ya kwanza ilikibeba. Lakini cheo hicho kingeweza kuhamia kwenye gari jingine. Nissan Murano ilikuja 2002 ikiwa ya kifahari, ina V6, na kwa macho yangu imechorwa kwa ujasiri kuliko Harrier, uso wake umejaa meno na mgongo wake umeviringwa. Hapa haikukirithi kiti hicho. Wengi watasema ni kwa sababu ya spea na ile CVT yake, na sitabisha. Ila Anaconda nayo ina CVT, na imepokewa kwa mikono miwili. Kwa hiyo nafikiri nembo ya Toyota huondoa hofu, cheo humfanya mtu atamani, kisha umbo ndilo linaloamua ni Toyota gani kati ya zile zinazofanana chini ya boneti. Hapo ndipo Kluger inapoanguka, kwa kuwa hofu haipo, injini ni ile ile, na bado mtu anaipita.

Kuna mmoja ameniuliza faragha kama kwa fedha aliyonayo achukue tako la nyani safi ya miaka ya mwisho au Anaconda ya miaka ya mwanzo. Nitamjibu hapa ili na wengine wachangie. Anaconda ya petroli ya kawaida ina cc 1986, hivyo upande wa ushuru iko kundi la asilimia 5, na mafuta inakula kidogo zaidi. Lakini ni nzito kwa injini yake, na kwenye mlima wa Kitonga ukiwa na abiria wanne na mizigo utaisikia CVT ikinguruma bila gari kuongeza mwendo. Tako la nyani ya cc 2362 inavuta vizuri zaidi na gia zake za hatua nne kila fundi anazijua, ila miguu yake inahitaji ukaguzi kama Fundi Miguu alivyosema. Kwa mtu wa mjini ambaye safari zake ni Mbezi hadi Posta, ningesema Anaconda, rangi nyeupe au nyeusi, yenye herufi A au B ya ndani kwenye karatasi ya mnada, na kabla ya kumalizia malipo ahakikishe kadi ya ramani bado imo kwenye redio.